Barua ya wazi kwa Baba Askofu na wazee wa baraza: Msiifunge ibada ya Viziwi

Kwa Baba Askofu, Mkuu wa Jimbo, wachungaji wetu na wazee wote wa baraza la usharika,

Bwana Yesu asifiwe.

Tangazo lenu tumelisoma kwenye ubao ulio nje ya kanisa. Linasema kuanzia robo ijayo ibada ya Viziwi, inayofanyika Jumapili saa nane mchana katika ukumbi wa zamani wa shule ya Jumapili, itaunganishwa na ibada ya pili. Mabenchi mawili ya mbele upande wa kushoto yatatengwa kwa ajili yetu, mkalimani atasimama hapo, na ukumbi utakarabatiwa ili ukodishwe kwa sherehe. Sababu mliyoiandika ni umoja wa washarika.

Mimi ni katibu wa ibada hiyo. Ninaandika hadharani, kwa ridhaa ya wenzangu, kwa sababu jambo hili haliko kwetu tu. Nyumba nyingi za ibada huwaza hivyo hivyo kuhusu Viziwi, tena kwa nia njema, na wanaoguswa na uamuzi hupata habari ubaoni kama tulivyoipata sisi. Ninaandika kwa heshima pia. Mmoja wenu ndiye aliyeniwekea mikono siku ya kipaimara changu. Ombi letu ni kwamba mtuachie kusanyiko letu katika lugha yetu, na mtupe nafasi ya kuketi nanyi pale mnapoamua mambo yanayotuhusu.

Naomba kwanza mjue Kiziwi anaishije ndani ya ibada ya watu wanaosikia, maana sidhani kama wengi wenu mmewahi kuelezwa na Kiziwi mwenyewe. Mimi nimekulia kanisani. Mama alinivalisha vizuri kila Jumapili, tukakaa benchi la tatu. Wakati wa kusimama niliujua kwa kutazama migongo ya walio mbele yangu. Kwaya ilipoimba nilifungua na kufunga mdomo, nisionekane mtoto mkaidi. Mahubiri yalipoanza niliangalia dari. Ghafla kanisa zima lilicheka, nikamvuta mama mkono nijue kuna nini, naye akanionyesha kwa kiganja: subiri, baadaye. Hiyo baadaye kila Kiziwi aliyelelewa katika familia inayosikia anaijua. Iko mezani wakati wa chakula, iko kwenye kikao cha ukoo, iko hospitalini wakati daktari anazungumza na ndugu yako kuhusu ugonjwa wako. Mara nyingi haifiki.

Simlaumu mama. Hakuna aliyemfundisha lugha ya alama, na hakujua kama ipo. Utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye uziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Hapa kwetu, kati ya wote ninaowafahamu katika ibada yetu, waliozaliwa na wazazi Viziwi ni wa kuhesabu kwa vidole. Maana yake ni kwamba sisi hatuipati lugha mapajani mwa mama. Tunaipata kwa wenzetu, na kwa wengi wetu ilikuwa shuleni: Tabora, ambako Kanisa Katoliki lilifungua shule ya kwanza ya Viziwi nchini mwaka 1963, Buguruni, iliyoanza mwaka 1974, Mwanga kule Kilimanjaro, shule ya Walutheri, Njombe. Hata huko, kwa miaka mingi darasani mtoto alitakiwa kusoma midomo na kulazimisha sauti. Alama tulifundishana bwenini, usiku, kabla taa hazijazimwa.

Halafu shule inakwisha. Huyu anarudi kijijini kwao, yule anakwenda kushona Manzese, mwingine anaolewa mbali. Lugha mliyokuwa mkiiishi asubuhi mpaka jioni inabaki bila mtu wa kuzungumza naye. Ninyi mkihama mkoa mnakuta Kiswahili kinawasubiri stendi. Kiziwi anaweza kukaa wiki nzima, mwezi mzima, akionyeshana na watu vidole viwili vya bei ya nyanya na kichwa cha kukubali au kukataa, na hayo ndiyo mazungumzo yake yote. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kimefanya kazi kubwa tangu miaka ya 1980, lakini ofisi ya chama huendi kila wiki. Kila wiki tunakwenda kanisani.

Ndiyo maana ibada inapokwisha saa kumi hatuondoki. Mlinzi wenu amelalamika zaidi ya mara moja kwamba tunafunga geti giza limeingia, na ni kweli. Pale ndipo tunapoelezana namna ya kupata kitambulisho cha taifa, kiwanda gani kinachukua watu, mtoto wa nani kafariki, dawa ya presha inamezwa vipi, mwenye nyumba akikutoa bila taarifa uende wapi. Binti mmoja alijua maana ya kliniki ya wajawazito kwetu, akiwa tayari na mimba kubwa. Alikuwa ameandikiwa karatasi na kuonyeshwa mlango, basi. Akina mama watatu walikaa naye kwenye ngazi za ukumbi wakamweleza kila kitu kwa mikono, mpaka namna uchungu unavyoanza. Wiki iliyofuata mmoja wao alimsindikiza. Hayo hayamo kwenye liturujia yetu, lakini yasingetokea bila ibada.

Sasa niseme kuhusu mkalimani. Tunawapenda wakalimani wetu, wawili kati yao wamejifunza kwetu, na hakuna hata mmoja anayelipwa. Lakini mmewatwika mzigo ambao hamjaupima. Ibada ya pili, pamoja na matangazo, kwaya tano na mnada wa mazao, huchukua karibu muda wa saa tatu. Mkalimani wa lugha ya alama akifanya kazi peke yake, baada ya dakika 20 au 30 akili huanza kuchoka na makosa huingia, ndiyo maana kwenye mikutano hupokezana wawili. Ninyi mmepanga mmoja. Pale kushoto mlipotutengea kuna dirisha kubwa nyuma ya anayesimama. Ifikapo saa nne na nusu jua linaingia moja kwa moja, na mtu aliyesimama pale anageuka kivuli kwetu: hatuoni uso wake, na katika lugha yetu uso ndio unaosema kama jambo ni swali, amri au huzuni. Kiongozi wa ibada anaposema tufumbe macho tuombe, mkalimani hujikuta hajui afanye nini, maana Kiziwi akifumba macho maombi yameishia hapo. Tumekuwa tukiomba macho wazi, na wapo washarika wanaotugeukia kana kwamba hatuna adabu mbele za Mungu.

Yote hayo yanaweza kurekebishwa kwa pazia, mkalimani wa pili na elimu kidogo, na tungefurahi yarekebishwe kwa ajili ya siku za ibada za pamoja. Lakini hata mkiyarekebisha yote, linabaki jambo kubwa zaidi. Mkalimani hutuletea yanayosemwa mimbarini. Hapeleki ya kwetu, kwa sababu katika ibada ya pili hakuna nafasi ya sisi kusema. Tutakaa pale kama wapokeaji mpaka tuzeeke.

Njooni siku moja mwone ukumbini. Viti tumevipanga nusu duara, kila mtu aone mikono ya mwenzake. Ukuta wa nyuma ya anayehubiri tumeupaka bluu iliyoiva, bila picha wala maua, ili mikono ionekane vizuri. Rangi tulinunua wenyewe. Kuna taa ya sola, maana umeme ukikatika jioni kwetu ni sawa na ninyi wote kupoteza sauti kwa pamoja. Kuna ngoma moja kubwa tunayoiweka juu ya jukwaa la mbao, mapigo yake yanapanda miguuni, na kwaya yetu inaimba kwa mikono kwa kufuata hayo mapigo. Mwinjilisti ni Kiziwi. Akisimulia habari za Zakayo huwaoni tena Viziwi thelathini ukumbini, unaona umati wa Yeriko: anavimbisha mabega akawa watu warefu wanaoziba njia, anajikunyata akawa mtu mfupi anayechungulia katikati ya viuno vya watu, kisha mkono wake wa kushoto unasimama kuwa mkuyu na vidole viwili vya kulia vinaupanda, vinateleza, vinapanda tena. Halafu anatulia, anatazama juu, na uso wake unakuwa wa Yesu anayemwona mtu aliye juu ya mti. Katikati ya hapo mtu ananyoosha mkono na kuuliza: kwa nini Yesu alitaka kwenda kwa mwizi? Mwinjilisti anasimama, anamjibu, wengine wanachangia, mahubiri yanaendelea.

Siku moja aliposimulia kisa hicho alikuwapo mama mmoja mzee aliyeletwa na mjukuu wake kutoka kijijini. Hakupata shule hata siku moja. Hajui kusoma, hajui Lugha ya Alama ya Tanzania, ana ishara za nyumbani tu ambazo wanawe wanazielewa. Alifuatilia mahubiri kwa kutazama mwili wa mwinjilisti. Ibada ilipokwisha, mwinjilisti alikwenda akachuchumaa mbele yake, akarudia kisa kizima polepole, kwa kutumia kiti, kitenge na mwembe wa uani. Mwinjilisti alipofika mahali Zakayo anarudisha mali za watu, yule mama alimshika mkono, akajionyesha kifuani yeye mwenyewe, akaonyesha mbali huko anakotoka, na akafanya ishara ya kuku. Mjukuu akatueleza: bibi aliwahi kuchukua kuku wa jirani, zamani sana, na sasa anataka kumrudisha. Naomba mniambie, wazee wangu, katika ibada ya pili, kwenye mabenchi mawili ya kushoto, nani angechuchumaa mbele ya mama huyu?

Tukija kwenye mambo ya siri, hali ni nzito zaidi. Mtu mwenye shida ya ndoa akienda kwa mchungaji anayesikia, lazima apite kwa mkalimani, na mkalimani ni jirani, au shemeji, au mtoto wake mwenyewe wa miaka kumi na miwili. Nimeona mtoto akitafsiri ugomvi wa baba na mama yake mbele ya mchungaji. Wengi wameacha kwenda, wanabeba.

Baba yangu alipofariki, mazishi yalifanyika kanisani kwa heshima zote. Watu walijaa. Wasifu wa marehemu ulisomwa, salamu zikatolewa moja baada ya nyingine, na mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikaa mbele ya jeneza nikitazama midomo. Hakuna aliyekumbuka kupanga mkalimani. Walikuwa na mengi ya kupanga na siwezi kuwashika kwa hilo. Nilikuja kusoma baadaye kwenye karatasi ya ratiba kwamba ndugu mmoja alieleza jinsi baba alivyouza baiskeli yake ili nipelekwe shule. Sikuwa nikijua. Jioni ya siku ya tatu watu wa ibada ya Viziwi walikuja matangani kwa daladala mbili. Walikaa uani kwa nusu duara kama tunavyokaa ukumbini, wakaniomba niwaeleze baba alikuwa mtu wa namna gani. Nilieleza mpaka mikono ikachoka. Ndiyo mazishi niliyohudhuria. Kwa hiyo mnaposema tuunganishwe ili tujisikie nyumbani, naomba mjue kwamba nyumbani tulishapata, na ndiko mnakotutoa.

Kuna jambo lingine ambalo ni gumu kuliandika. Kila mara tunapokwenda ibada kubwa, hasa wageni wanapokuja kuhubiri, kuna mtu atakayetuita mbele tuombewe masikio yafunguke. Tunashikwa kichwa, tunapuliziwa, tunapigiwa makofi nyuma ya shingo kuangalia kama tumeshtuka. Tusiposhtuka, tunaambiwa imani yetu ndogo. Kijana mmoja, mwanafunzi, aliombewa hivyo mbele ya watu wote. Aliporudi kukaa akaniambia hatakanyaga tena kanisani, na mpaka leo hajakanyaga. Hatukatai maombi. Tuombeeni kazi, tuombeeni watoto wetu, tuombeeni malaria. Lakini Mungu aliyemwuliza Musa, "Au ni nani afanyaye mtu kuwa bubu, au kiziwi, au mwenye kuona, au kipofu? Si mimi, Bwana?" hakuniumba nusu. Katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kunitazama masikio kabla ya kunitazama uso. Na hata yule Kiziwi wa Marko 7, ambaye habari zake husomwa kila tunapoitwa mbele, Yesu alianza kwa kumtenga na mkutano faraghani, akazungumza naye kwa vidole, kwa kugusa, kwa kutazama juu mbinguni. Hakumfanya maonyesho mbele ya umati.

Wapo watakaonijibu kwa Warumi 10, kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Tumeshajibiwa hivyo. Sitabishana sana hapo. Yule mama wa kuku amekwisha kujibu.

Kuhusu umoja, naomba tusome pamoja Matendo 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na makundi mawili ya lugha. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaambia wale wajane wasogee karibu na meza ya Waebrania kwa ajili ya umoja. Waliita mkutano wa wanafunzi, wakaagiza wachaguliwe watu saba wasimamie jambo hilo. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Waliokuwa wanasahauliwa walipewa madaraka, na kifungu kinaendelea kusema neno la Mungu likaenea. Huo ndio umoja tunaouomba. Katika kikao chenu kilichoamua juu yetu hakukuwa na Kiziwi hata mmoja. Hakuna aliyetuuliza.

Kuamuliwa bila kuwapo ni historia yetu ndefu. Mwezi Septemba 1880, walimu wa Viziwi walikutana Milano, Italia, wajumbe 164, karibu wote watu wanaosikia, wakapitisha kwamba watoto Viziwi wafundishwe kwa matamshi na lugha ya alama iondolewe madarasani. Walimu Viziwi wakapoteza kazi. Watoto wakachapwa mikono kwa kosa la kuzungumza, na mfumo huo ukasafiri mpaka ukatufikia sisi. Ilichukua miaka 130, hadi mwaka 2010 huko Vancouver, Kanada, kwa mkutano wa kimataifa wa aina ile ile kuyakataa maazimio ya Milano na kuonyesha masikitiko. Waliopitisha yale hawakuwa watu wabaya. Nao walisema wanataka Viziwi waungane na jamii.

Lakini wapo pia walioona mapema. Mjini New York, mwaka 1852, kasisi Thomas Gallaudet, ambaye mama yake alikuwa Kiziwi, alianzisha kanisa la St Ann's kwa ajili ya Viziwi na ibada za lugha ya alama. Katika ibada zake alikuwapo Henry Winter Syle, Kiziwi, ambaye Gallaudet alimtia moyo mpaka akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1876 na kasisi mwaka 1883, ingawa wapo waliosema asiyesikia hawezi kutoa sakramenti. London nako, miaka hiyo ya 1870, kanisa la St Saviour's lilijengwa Mtaa wa Oxford mahsusi kwa Viziwi.

Na kwetu Afrika yupo Andrew Foster. Ningependa kila mchungaji wa nchi hii ajue habari zake. Alizaliwa Alabama mwaka 1925, Mmarekani mweusi, akapoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada Chuo cha Gallaudet, kile chuo cha Viziwi cha Washington. Mwaka 1957 akafungua shule ya Viziwi Accra, Ghana, katika darasa la kuazima, baada ya wanafunzi wanaosikia kwenda nyumbani. Shule na ibada vilikwenda pamoja, kwa lugha ya alama, na huko Ibadan, Nigeria, aliwafundisha Viziwi Waafrika wawe walimu na viongozi wa wenzao. Alifungua shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za bara hili, zikiwamo za jirani zetu wa Kongo. Tarehe 3 Desemba 1987 ndege aliyopanda ilianguka Rwanda, akafa akiwa njiani katika kazi hiyo. Wachungaji Viziwi wengi wa Afrika wanatokana na mikono yake. Naye alianza na chumba cha mchana ambacho wenyewe walikuwa hawakihitaji saa hizo.

Sheria nayo haiko mbali nasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inatambua utambulisho wetu wa kiutamaduni na kilugha, lugha za alama na utamaduni wa Viziwi vikitajwa waziwazi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Uganda ilimpata mbunge Kiziwi, Alex Ndeezi, mwaka 1996, akajadili bajeti ya taifa kupitia mkalimani. Kama bunge limewezana na hilo, baraza la wazee la usharika litawezana nalo.

Najua pia kuna hesabu ya fedha, ingawa tangazo halikuitaja. Sadaka yetu ni ndogo. Sisi ni mafundi cherehani, vinyozi, mafundi seremala, akina mama wa genge, na wengi hawana kazi. Ukumbi ukikodishwa kwa harusi utaleta fedha ambazo sisi hatuwezi kuzileta. Hilo ni jambo la haki kulizungumza, na tuko tayari. Sherehe nyingi huwa Jumamosi. Kodisheni Jumamosi, kodisheni siku za wiki, Jumapili kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili mtuachie. Kusafisha baada ya sherehe tutafanya sisi. Ukuta wa bluu msiupake maua. Mafundi seremala wetu wako radhi kutengeneza madirisha yale mabovu bila malipo ya ufundi, usharika utoe mbao.

Zaidi ya ukumbi, tunaomba Viziwi wawili, mwanamke na mwanamume, tutakaowachagua wenyewe, waingie kwenye baraza la wazee wakiwa wajumbe kamili, na fungu la mkalimani liwekwe kwenye bajeti kama lilivyowekwa la vyombo vya kwaya. Mwinjilisti wetu amehudumu kwa kujitolea kwa muda mrefu. Tunaomba apelekwe chuo cha Biblia akasomee uchungaji, pamoja na mkalimani wa kumsaidia darasani, ili siku moja tupokee Meza ya Bwana kutoka kwenye mikono inayozungumza lugha yetu. Tunaomba pia wachungaji wanaoandaliwa sasa wafundishwe angalau msingi wa lugha ya alama, kiasi cha kumsalimia mgonjwa Kiziwi wodini. Walimu tunao na hatutadai posho. Biblia nzima ya kwanza katika lugha ya alama, ile ya Marekani, imekamilika mwaka 2020 baada ya kazi iliyoanza miaka ya 1980. Sisi kwa lugha yetu tuna video chache tulizorekodi kwa simu, na dayosisi ikitaka kusaidia, pa kuanzia papo.

Na Jumapili moja kila mwezi, kama mtakubali, tufanye ibada ya pamoja kweli, ninyi na sisi: mwinjilisti wetu ahubiri kwa alama, mkalimani awatolee ninyi sauti. Ndugu wanaosikia waliowahi kuja ukumbini, wengi hurudi. Ndugu zetu Viziwi Waislamu wametuambia kilio kama hiki wanacho kuhusu hotuba ya Ijumaa, kwa hiyo mkifanya vizuri hapa, watakaotazama ni wengi.

Tunaomba mkutane nasi kabla robo haijaanza. Jumapili yoyote saa nane mchana inatufaa, ukumbini, na mkalimani wa kuwasaidia ninyi kutuelewa tutamwandaa sisi. Mkiona tarehe haiwafai, tutakuja ofisini siku mtakayopanga, jioni baada ya saa za kazi. Majibu yaleteni kwa barua au kwa ujumbe wa maandishi kwenye namba ya katibu iliyo ofisini kwenu, tafadhali msipige.

Wenu katika Bwana,

Katibu, kwa niaba ya washarika wa ibada ya Viziwi